Mkalimani Hakuinuka

Bibi Astérie alifumbua kinywa wakati uleule kibofu cha Nizigama kilipoanza kumbana.

Siku tatu bibi huyo alikuwa ameketi katika hema la mapokezi ya wakimbizi, ufukweni Kibirizi, amempakata mjukuu wake, haneni. Boti iliyowatoa Burundi ilijaa watu wasiomjua. Kwa kuwa hakusema lolote, mtoto aliandikwa yatima, na gari la kumpeleka kituo cha watoto lilikuwa nje, injini ikinguruma.

Nizigama, mkimbizi wa mwaka sabini na mbili aliyezeekea mtaa jirani wa Kasingirima, ndiye aliyegeuza Kirundi kuwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa ikimponyoka. Kila nusu saa aliinuka kukimbilia chooni, na mara nyingine hakuwahi. Karani Selestini alishamwonya: akiinuka tena mtu akiwa katikati ya maelezo, asirudi.

Alidhani amerogwa. Baadaye akadhani ni uzee. Muuguzi Regina wa zahanati akampima mkojo, akaukuta safi, na sukari hana. Alimweleza kwamba kibofu chake kinatoa amri kabla hakijajaa. Alimkataza kujinyima maji, maana mkojo mzito hukichokoza zaidi; apunguze chai ya rangi, aende haja kwa saa alizojipangia, na kila wiki azisogeze mbele dakika chache. Ikimshika ghafla, asikimbie. Atulie, abane misuli kama anayekata mkojo njiani, aachie, abane tena, mpaka wimbi lipite. Ingechukua miezi. Nizigama alikuwa amejizoeza wiki tatu tu.

Sasa alibana.

"Mtoto anaitwa Ella," akamwambia karani. "Ni wa bintiye."

Bibi alisimulia akiutazama mdomo wa Nizigama, si wa karani. Jinsi walivyojificha migombani. Jinsi binti alivyomkabidhi mtoto, akarudi kumtafuta mumewe. Nizigama alibana, akaachia, akabana. Jasho likamtoka kisogoni. Wimbi likapita, naye akamshukuru Regina kimoyomoyo.

Selestini akataka alama, kitu ambacho mtu baki hawezi kukijua. Nizigama akauliza. Bibi akanyamaza.

Wimbi la pili likaja, na hilo halikuwa na masikilizano. Mlango wa hema ulikuwa hatua kumi tu. Lakini alijua kitakachotokea akiinuka. Mwaka ule wa sabini na mbili, yeye mwenyewe akiwa katikati ya kusimulia habari za kaka zake, karani aliondoka akanywe chai. Aliporudi, Nizigama alisema hakuna zaidi. Hadi leo hajamwambia mtu yaliyobaki.

Hakuinuka.

"Ana kovu la moto nyuma ya goti," bibi akasema hatimaye. "Nilimuunguza mimi. Niliangusha chungu cha maharage. Mama yake hakunisemesha wiki nzima."

Nizigama aligeuza kila neno, sauti haitetereki, huku ujotojoto ukimshuka pajani, ukaingia kiatuni, ukanyweka mchangani chini ya benchi.

Selestini aliinama kulitazama goti la mtoto. Kovu lilikuwepo. Akiwa bado ameinama akaiona michirizi ya mkojo kwenye kiatu cha Nizigama. Kisha akalikata neno yatima, akaandika jina la bibi, akatoka kumwambia dereva aende zake.

Bibi naye alikuwa ameona. Alimfunika mtoto vizuri, halafu akasema kwa Kirundi, taratibu:

"Ndugu yangu, umeketi hadi mwisho."

Nizigama hakujua kama kesho ataitwa kazini. Alingoja hema liwe tupu, akateremka ziwani, akiwapita wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa juani, wala hakuvua viatu. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni. Pembeni yake wachukuzi walikuwa wakishusha shehena botini. Mmoja, akidhani amekuja kusaidia, akamwinamishia gunia begani bila neno. Nizigama akalipokea, akasimama nalo humo majini, nguo zimelowa kama za wachukuzi wote.