Velaphi Hapandi Gari Kimya

Nimealikwa karamu ya bure, ila kila nikimeza matonge mawili mwenye karamu ananiziba mdomo anisifie sufuria zake. Ni nini?

Velaphi alipenda kumtegea dada yake Hlengekile kitendawili hicho, na jibu lilikuwa simu yake mwenyewe, iliyompigia muziki wa bure garini. Nyimbo mbili, tangazo. Nyimbo mbili, tangazo. Huchagui wimbo, unapigiwa. Kulipia alikataa katakata. "Matangazo nimeyazoea," alisema, "mengine nayaimba."

Basi Velaphi akafa katika hospitali moja ya Johannesburg, mwili ukarudishwa kwao Nongoma ukazikwa. Roho ikabaki kule wodini, na kwa mila yao roho haijirudishi. Huendewa na mzee wa ukoo akiwa na tawi la mlahlankosi, ule mti wa miiba. Ikishaingia kwenye tawi, mbebaji hasemi tena na mtu mpaka nyumbani. Husema na marehemu peke yake, akimwelekeza, hapa tunavuka mto, hapa tunakata kona, asije akashuka pasipo pake.

Mbebaji alikuwa baba mdogo Bhekokwakhe. Dereva alikuwa Hlengekile, kwa pikapu ya Velaphi mwenyewe, yenye kiti kimoja kirefu. Katikati waliacha nafasi ya mwenye gari. Walipotoka tu hospitalini, Hlengekile akabonyeza ile simu ya kaka yake. Magita ya maskanda, muziki wa kwao, yakaingia.

Mzee akafungua mdomo, akakumbuka, akaufumba. Kisha akaliinamia tawi.

"Velaphi, mwanangu, mwambie dada yako azime hiyo kelele."

"Kaka," alisema Hlengekile, macho barabarani, "mwambie baba mdogo ni wewe uliyeniagiza. Ulinishika mkono pale kitandani ukasema, usije ukanichukua kimya kimya kama kuku wa wizi."

"Velaphi, mgonjwa husema mengi."

"Kaka, wazima ndio wamezidi."

Wakateta hivyo hadi wakaupita mji wa Ermelo. Mbele kidogo wimbo ukakatika, na sauti tamu ya mwanamke ikasema, "Umefika nyumbani. Ingia, ujilaze, upumzike." Lilikuwa tangazo la magodoro.

Mzee alilikumbatia tawi hata miiba ikamchoma. "Hatujafika, Velaphi. Usishuke. Huyo mwanamke humjui."

Jasho lilimtoka. Hapo Hlengekile akatambua kwamba mzee hakuwa mkaidi tu, alikuwa anaogopa. Roho ikifuata sauti ya mgeni hubaki porini, na mama yao alikuwa amekaa Nongoma, mbuzi kafungwa, akimsubiri mwanawe. Hlengekile akaizima sauti mpaka tangazo lilipokwisha. Wimbo uliporudi, akaipandisha pale pale ilipokuwa.

"Matangazo nitayaziba, baba mdogo. Nyimbo, hapana."

"Velaphi, jiandae. Tunapanda basi."

Walipofika mji wa Piet Retief mzee akashuka na tawi lake, akajipanga kwenye foleni ya basi. Hlengekile aliitazama nafasi tupu kando yake. Kaka yake alikuwa anaondoka bila yeye. Kidole kikaifikia simu; angeizima tu, mzee angerudi. Halafu akaukumbuka ule mkono kitandani. Hakuizima.

Kondakta alipoliona tawi, akavua kofia. "Poleni, baba. Msemaji wako yuko wapi?" Maana mbebaji hatembei peke yake, lazima awe na mtu wa kumsemea. Hasira zilikuwa zimemsahaulisha mzee hilo.

"Msemaji wake ni mimi," Hlengekile akasema kupitia dirisha la pikapu.

"Mbona umemshusha, dada?"

"Kashuka mwenyewe. Hapendi muziki."

"Na marehemu?"

"Marehemu anaupenda."

Kondakta akajikuna kichwa. "Sasa hapo abiria ni nani, mzee au marehemu?"

Foleni ikaangua kicheko, kisha watu wakanyamaza kwa adabu. Mzee akaliinamia tawi.

"Velaphi, tunarudi garini. Ila ujue sikushindwa na huyu msichana. Nimeshindwa na wewe."

Wakaenda. Kila tangazo lilipoanza Hlengekile aliziba sauti, na mzee akatumia kimya hicho kuitaja njia: huu ndio Mto Phongolo, mwanangu, inamisha kichwa tuvuke. Wimbo ukianza, alinyamaza. Hakuupenda. Hlengekile naye hakumwomba aupende.

Nongoma waliingia jua likiwa bado juu, vioo wazi, magita yakiwatangulia mpaka langoni. Shangazi wakatoka, mikono vichwani. Mzee akashuka, akalipeleka tawi mlangoni alipokaa mama. "Hapa sasa ndipo, Velaphi. Ingia."

Shangazi mmoja akaja mbio hadi dirishani. "Hlengekile, huna haya? Zima."

"Wimbo haujaisha, shangazi," alisema Hlengekile, akafungua na mlango wa pili wa pikapu, magita yamfuate kaka yake mpaka ndani.