Mawe ya Nyuma ya Nyumba ya Kenning

Kwa miaka kumi na tisa Luvenia Tabb alikuwa akiwatembeza wageni katika makumbusho ya Nyumba ya Kenning, huko Mississippi, akiwaonyesha vijiko vya fedha na kitanda alicholalia jenerali. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alivisugua vijiko hivyo. Alivisugua Dorcas, mama wa bibi yake Luvenia, naye alizikwa kichakani nyuma ya nyumba pamoja na watumwa wenzake, kila mmoja na jiwe la shambani kichwani na jingine miguuni, bila jina. Jumatatu kokoto zingemwagwa hapo, ili watu wa ziara za masika wapate pa kuegesha magari.

Ndiyo maana Jumapili asubuhi alimkokota mwenyekiti wa kamati ya makumbusho, Marjorie Stroud, mpaka huko nyuma, na viatu vyake vya kanisani.

"Nionyeshe kaburi moja tu, Bi Luvenia, kazi naisimamisha leo leo," alisema Marjorie. "Kamati inataka kitu cha kuonekana."

"Utayaona mpaka uchoke."

Walipofika, Luvenia aliangaza macho huku na huku. Mawe hayakuwepo, hata moja. Palibaki ule mmea unaotambaa wenye maua ya samawati, ambao wazee waliupanda juu ya wafu wao.

"Hapa palikuwa na mawe," alisema.

Marjorie akakohoa. "Ya kijivu? Akina mama wa kikundi cha bustani waliyaokota wiki iliyopita, wakazungushia waridi pale mbele. Pamependeza, ujue. Tulidhani ni mawe tu."

Mawe tu! Na walikuja na glavu zao na biskuti zao, wakifurahi kufanya usafi, nia njema tupu. Luvenia alitaka kulia, akataka pia kumzaba mtu kofi, akakosa wa kumzaba.

"Sasa kamati nitaiambia nini?" Marjorie aliuliza kwa upole. "Mimi sioni kaburi."

Luvenia alipiga magoti yake ya miaka sabini na moja, akajilaza chali juu ya mmea ule, kichwa magharibi na miguu mashariki, kama walivyolazwa wao ili siku ya ufufuo waamke wakilitazama jua. Ardhi ilikuwa imebonyea kwa urefu wake kamili. Ukingo ulimfika masikioni.

"Inuka bwana, Bi Luvenia, utashikwa na baridi."

"Nimelala kwenye kaburi la mtu mzima mwenzangu. Hebu tazama uliposimama wewe."

Marjorie akainamisha macho. Viatu vyake vilikuwa ndani ya bonde dogo, halifiki hata mita moja, nalo limeelekea mashariki vilevile. Rangi ikamtoka usoni.

"Huyu ni mtoto," alisema.

"Ni mtoto."

Marjorie aliinua mguu, akabaki nao hewani, akitazama kushoto na kulia. Mmea ulikuwa umetanda kila upande.

"Kazi nimeisimamisha, nakuapia. Lakini niambie nikanyage wapi."

Luvenia alibaki chali, machozi yakimwingia masikioni. Makaburi yalikuwa yamepona, lakini bila mawe Dorcas alikuwa amempotea.

"Sijui, Bi Marjorie," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nafuata mawe."