Mshale Uliosimama

Hamajima alikuwa na saa mpya, na kila asubuhi aliificha. Akikaribia geti la kiwanda alisimama kando ya mashine ya kuuzia kahawa za kopo, akajifanya anatafuta sarafu, kumbe anauvuta mkono wa koti lake la kazi mpaka umfike kwenye vidole. Ndipo akapita. Alimwinamia mlinzi, mlinzi naye akamwinamia, na hakuna aliyejua kwamba chini ya kile kitambaa cha kijivu kulikuwa na kitu kinachopumua.

Ilikuwa saa ya watu wa mbio za magari, au tuseme saa ya watu wanaopenda kudhaniwa hivyo. Uso wake mweupe ulibeba vijisaa vitatu vyeusi, kama macho matatu yaliyokosa usingizi. Ukingoni ziliandikwa tarakimu za kupimia mwendo kasi, za kumfaa mtu aliye ndani ya gari linalopaa barabarani na bado ana nafasi ya kusoma mkononi, yaani hazimfai mtu. Mkanda wake wa ngozi ulitobolewa matundu makubwa, mfano wa glavu za madereva wa zamani. Siku za mwanzo Hamajima aliiona nzito, kama mtoto aliyemshika baba yake kifundo cha mkono asimwache sokoni. Baadaye mkono wa pili, ule mtupu, ndio uliomshangaza kwa wepesi.

Lakini kilichompendeza kuliko vyote ni mshale mmoja mrefu, mwekundu, uliosimama wima kwenye kumi na mbili. Mishale mingine ilitembea. Huo ulisimama tu. Ulikuwa mshale wa kupimia mbio, na haukuondoka mpaka mtu abonyeze kibonyezo cha ubavuni. Hapo husikika mlio mdogo, mkavu, kama wa kuvunja ganda la karanga, na mshale hukurupuka. Jioni, akiwa peke yake mezani, Hamajima aliubonyeza ukimbie, akaubonyeza usimame, akaurudisha nyumbani kwake. Hakuwa na cha kupima. Siku moja alipima maji yanavyochemka, siku nyingine jirani anavyochukua muda kuegesha gari.

Saa nzuri hutaka macho mawili, ya mwenyewe na ya mwingine, na hayo ya pili Hamajima hakuwa nayo. Mkewe, Fusae, alikuwa picha sasa, ndani ya kijisanduku cha kuombea marehemu, mbele yake kikombe cha chai na chungwa. Alipokuwa hai, mwanamke huyo hakumaliza chakula cha jioni bila kutega kitendawili. Aliyeshindwa hakutoa mji, aliosha vyombo. Hamajima aliosha vyombo karibu ndoa nzima. Jioni aliyoileta saa nyumbani aliinyoosha mbele ya picha.

"Kitendawili," alisema.

Alingoja, kwa mazoea tu. Chai ilikuwa imeshapoa.

Basi yalibaki macho ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa bosi wake.

Kurimoto aliingia kiwandani akiwa kijana mwenye chunusi, akakabidhiwa kwa Hamajima afundishwe kukagua mipira ya kuzibia milango ya magari. Alifundishwa kupapasa kasoro kwa kidole gumba, kummiminia mteja kinywaji kabla hajajimiminia mwenyewe, na jambo lisiloandikwa popote: mdogo havai saa inayomzidi mkubwa wake. Siku za mapumziko walikwenda pamoja uwanja wa mbio za magari, wakasimama nyuma ya uzio kwenye kona ya mwisho, mvua ikiwanyea, mikononi tambi za kikombe, na Kurimoto ana kisaa cha plastiki kimening'inia shingoni kupimia mizunguko. Wakirudi huko, kijana alikula kwa Hamajima, akashindwa vitendawili vya Fusae, akaosha vyombo. Ni Kurimoto aliyemvuta Hamajima mkono mbele ya dirisha la duka moja la saa, akagonga kioo kwa ukucha. "Hama-san, siku ukistaafu ununue ile. Nataka nikuone unavyojivuna."

Hamajima alistaafu majira ya maua. Alipewa shada, akapigiwa makofi, akahutubiwa. Wiki iliyofuata alirudi pale pale kwa mkataba wa mwaka, kama wafanyavyo wengi, ila meza yake sasa ilikuwa ile iliyobanwa na mashine ya kunakili. Katika kiti chake cha zamani alikaa Kurimoto, na tangu siku hiyo hakukuwa tena na kuitana Hama-san wala Kuri. Kulikuwa na "Bwana Hamajima, ukipata nafasi," na "Ndiyo, mkuu." Kila mmoja alimwogopea mwenzake heshima yake. Walizungumza kama watu wanaopitishiana sinia la vioo.

Na Kurimoto, japo mkuu, alivaa saa ya kawaida kabisa, yenye mkanda wa plastiki. Ndiyo maana Hamajima alificha yake. Alikuwa amenunua kitu ili mtu mmoja tu akione, na mtu huyo ndiye pekee asiyepaswa kukiona.

Asubuhi moja ya kiangazi walikuwa kwenye uwanja wa kiwanda kwa mazoezi ya viungo. Kila siku kabla ya kazi kipaza sauti kilipiga piano, na kiwanda kizima kikainua mikono, kikaishusha, kikainama. Hamajima alikuwa amejizoesha kuinua mkono wa kushoto nusu tu, kama mtu mwenye baridi yabisi. Lakini asubuhi hiyo, ng'ambo ya kilima, uwanja wa mbio ulikuwa na majaribio. Gari moja lilinguruma, likapanda, likashuka, likaenda mbali, kisha likarudi likilia kwa sauti nyembamba ya kona ya mwisho. Kifua cha Hamajima kilifunguka kabla hajakiruhusu. Piano ilisema inueni, naye akainua, mikono yote miwili, juu kabisa, kama kijana.

Mkono wa koti uliteremka mpaka kiwikoni. Jua likaipiga saa.

Wakuu husimama mbele, wakiwaelekea watu wao. Macho ya Kurimoto yalitua pale pale. Midomo yake ilifunguka kidogo. Kisha piano ikasema inameni, na wote wakainama, na walipoinuka uso wa mkuu ulikuwa umeshafungwa.

Kesho yake Kurimoto alikuja bila saa. Kwenye kifundo cha mkono wake ulibaki utepe mweupe wa ngozi, mahali jua halikuwahi kufika. Hamajima aliuona alipompelekea karatasi za kutia mhuri, akahisi amepigwa kofi na mtu mwenye adabu sana. Amenivulia, alijisemea. Ananiambia: Bwana Hamajima, kwa kuwa umeamua kuvaa cha wakubwa, mimi nibaki mikono mitupu, watu watuone.

Jioni hiyo aliivua saa, akaitia kwenye droo pamoja na miwani ya Fusae.

Saa ile haikuwa na betri. Ilikula mwendo wa mkono wa mwenyewe. Akitembea, nayo inaishi. Ikilazwa, huenda kwa akiba yake, halafu basi. Jumapili aliifungua droo akaikuta imekufa, mishale yote imesimama, mkubwa na mdogo, na ule mwekundu miongoni mwao. Ajabu ni kwamba sasa haukutofautiana na wenzake. Hamajima aliiweka sikioni. Alikaa hivyo kitambo, kichwa kimeinama upande mmoja, mpaka alipojiona kwenye kioo cha kabati akaona haya. Hakuivaa. Aliirudisha drooni, akaisukuma droo taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Siku zilikwenda hivyo. Kama si Bi Otake, zingekwenda mpaka mkataba uishe.

Bi Otake alikuwa karani wa idara, mama mnene wa miguu myepesi, mwenye ulimi usiojua cheo cha mtu. Alikuja na birika la chai, akaegemea mashine ya kunakili.

"Hama-san, umemfanya nini mkuu wetu?"

"Mimi? Simfanyi kitu. Tunasalimiana."

"Ndiyo hivyo, mnasalimiana. Kama maiti wawili waliolelewa vizuri." Alimmiminia chai. "Leo kachelewa tena mkutano wa mkurugenzi. Simu haziruhusiwi kule kwenye mitambo, na saa havai. Kaingia wenzake wanafunga makabrasha, kasimama mlangoni kainama mpaka nikadhani kadondosha kitu. Nikamwambia, mkuu, saa yako ya plastiki ina kosa gani? Unajua kanijibu nini?"

"Sijui."

"'Asiyevaa saa, Bi Otake, hakuna saa inayoweza kumzidi.' Halafu akakutazama wewe, nawe umeiinamia mipira yako kama kuku aliyeatamia." Alinyanyua birika. "Nilidhani ni kitendawili. Mimi na vitendawili hatuelewani. Chai yako hiyo, inywe ingali moto."

Alikwenda zake. Hamajima alibaki na kipande cha mpira mkononi, kidole gumba kikipapasa mahali pamoja, mbele na nyuma, mahali pasipo na kasoro yoyote.

Mkuu hawezi kumwambia mtu wake, vaa saa yako. Hiyo ni amri. Hawezi kuisifu, akiisifu, ameipima dhidi ya yake. Angeweza kufanya jambo moja tu, nalo lisisemwe: kujiondoa yeye mwenyewe kwenye kipimo. Kama mkuu hana saa, mdogo hajamzidi mtu. Kijana yule alikuwa amekaa amefikiri, akaona njia hiyo, akaipita. Akachelewa mikutano, akainama milangoni, akingoja siku ile saa itoke chini ya koti. Badala yake akaona mkono mtupu mwingine. Watu wawili, mikono miwili mitupu, na kila mmoja akidhani anamsitiri mwenzake.

Chai ilipoa. Hakuigusa.

Kesho yake Hamajima hakusimama kando ya mashine ya kahawa. Aliingia getini mkono wa koti umekunjwa mara mbili. Saa ilikuwa imefufuka njiani. Aliitikisa mpaka mama mmoja kituo cha treni akamwonea huruma. Alipoinama kwa mlinzi, mlinzi alitazama, akainama, akatazama tena.

Mchana watu waliteremka kantini. Kurimoto, kama kawaida yake tangu apewe ukuu, alibaki mezani na makaratasi. Hamajima alinunua tambi mbili za kikombe, akazimiminia maji ya moto ya kuziivisha kwa dakika tatu, akavuka nazo chumba kizima mpaka kwenye meza iliyokuwa yake.

"Samahani, mkuu. Nilitaka moja, nimejikuta na mbili."

"Bwana Hamajima, usingejisumbua..."

Hamajima alishaziweka. Aliulaza mkono wa kushoto juu ya meza, katikati ya vikombe viwili, akabonyeza. Ganda la karanga likavunjika. Mshale mwekundu ukakurupuka.

Kurimoto aliitazama saa. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyostahili saa yoyote.

"Ukutani ipo saa," alisema mwishowe.

"Ile haina mshale mwekundu."

Mvuke ulipenya kwenye vifuniko vya karatasi. Kurimoto alijikuna shingo, pale kisaa cha plastiki kilipokuwa kikining'inia.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Ya dirishani."

"Duka limehama. Saa ni ile ile."

"Nilisema nitakuona unajivuna."

"Najivuna tangu majira ya maua," alisema Hamajima. "Ila chini ya koti."

Kurimoto alicheka kwa pua, kicheko chake cha uzioni, akakifunika kwa kiganja kama aliyekamatwa nacho. Mbali, ng'ambo ya kilima, injini ilikuwa ikizunguka. Ilikwenda, ikapotea, ikarudi.

"Kuri," alisema Hamajima. Jina lilitoka na kutu, ikabidi akohoe. "Kitendawili."

Mkuu wa idara alinyoosha mgongo. "Hama-san, mimi vitendawili vilinishinda zamani. Ningekuwa nalipwa kwa sahani nilizoosha kwa Fusae-san, ningestaafu kabla yako."

"Hiki si chake. Changu. Nimekaa nacho miezi, sina wa kumtegea."

Kurimoto alishusha macho. "Tega."

"Nyumba moja, ndugu wengi. Wote wanatembea usiku na mchana. Mmoja kasimama wima, haumwi, hajanuna, hajalala. Anangoja tu aguswe ubavuni."

Jibu lilikuwa mezani, jekundu, likikimbia mbele ya macho yao. Mtoto angelipata. Hamajima alishaanza kutabasamu.

Lakini Kurimoto hakuwa akiitazama saa tena. Alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe, ule utepe mweupe wa ngozi ambao sasa ulianza kushika rangi. Aliufunika kwa kidole gumba, akaufunua.

"Ni mimi?" aliuliza.

Hamajima alifungua kinywa amwambie amekosa. Akaona hajakosa, akakifumba.

Tambi zilikuwa zimeshaiva, na baada ya kitambo kidogo zilikuwa zimeshavimba. Mshale mwekundu ulipita muda wao ukaendelea na mzunguko mwingine. Kidole cha Hamajima kilikuwa juu ya kibonyezo, kimetulia, wala hakikubonyeza.