Apite kwa Miguu Yake

Fahali alikuwa amelala kwenye tope la mkojo hatua chache kutoka mlango wa machinjio, goti lake la mbele limevimba kama mtungi. Pilipili walishampaka machoni. Mkia walishaupinda mpaka pingili zikaachana, na bado hakuinuka. Mnyapara alimtandika gongo la mwisho mbavuni, akatema mate.

"Muiteni Fundi Magoti. Hili limegoma."

Fundi Magoti alikuja na kamba begani. Nyuma yake alifuata shemeji yake, ndugu wa mkewe, amebeba vipande vya mpira wa tairi na nyuzi za katani. Kazi hii Fundi ndiye aliyemtafutia, na ndiye aliyemfundisha, na shemeji hakuwa mzito wa kushika.

Pale machinjioni sheria ilikuwa moja. Ng'ombe akivuka kizingiti kwa miguu yake, Dokta wa mifugo humpitisha na nyama yake huenda buchani. Akiburutwa, huchomwa shimoni, hata kama ugonjwa wake ni goti tu la kubanwa kwenye lori. Sheria nzuri, ilitungwa ili watu wasilishwe mizoga. Ila haikuuliza mnyama amesimamishwaje, na Dokta naye hakuwa mtu wa maswali. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, mgongo kaupa zizi, akisubiri kwato zipite.

Fundi Magoti alimfunga fahali miguu kwa kamba, akalipapasa goti. "Halijavunjika, limeteguka tu. Shemeji, kamata kwato. Vuta! Vuta kama unang'oa muhogo!"

Mfupa ulirudi mahali pake kwa mlio uliowafanya hata wachinjaji wageuke. Fahali alikunya palepale. Kisha Fundi akaukaza mpira juu ya goti kwa uzi wa katani, akauloweka maji ukazidi kubana. Huo ulikuwa ujuzi wake mwenyewe na alijivunia. Mguu hufa ganzi, mnyama akakanyaga asichokihisi mpaka kwenye kisu. Kila jioni alijiambia kwamba yeye ndiye mwenye huruma pale zizini. Huruma gani hiyo, jamani, ya kumsindikiza kiumbe kifoni bila kuchechemea!

"Ngojeni nifungue kamba," alisema.

Mnyapara hakungoja. Gongo lilishuka mgongoni, fahali akaruka na kamba miguuni, akapepesuka, akaangukia ubavu. Mguu wa Fundi ulikuwa kati yake na nguzo ya zege. Goti lilikunjika kuelekea ambako goti halikunjiki.

Wachinjaji wawili walikata kamba, wakamsukuma fahali. Alisimama, akachechemea mpaka mlangoni, akavuka.

"Amepita," alisema Dokta.

Fundi Magoti alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe ili asipige kelele. Mnyapara alichuchumaa karibu naye.

"Umeumia?"

"Mguu, bosi. Niitieni gari, nipelekwe hospitali."

"Gari la nini? Ukitoka humu umebebwa, ni ajali ya kazini, na wenye machinjio wataniuliza mimi. Ukitoka kwa miguu yako, umejikwaa huko mitaani kama binadamu wengine."

"Siwezi kusimama."

"Hata hao ng'ombe hawawezi. Na wanasimama."

Mchinjaji mmoja alicheka, kisha akaona aibu.

Fundi Magoti aliyajua magoti. La kwake likilazwa sasa hivi, likafungwa na mtu wa hospitali, huenda angetembea tena. Likikanyagwa, vilivyobaki ndani vingesagika kama karanga kwenye kinu, na hapo hakuna tena kazi, hakuna mume wa mtu. Hofu ilimshika kuliko maumivu. Alimgeukia shemeji yake.

"Shem, usiniguse. Nakuomba kwa jina la dada yako. Nikilikanyaga leo, ndiyo basi."

Shemeji alimtazama Mnyapara.

"Unaijua kazi au huijui?" aliuliza Mnyapara. "Kama huijui, geti lile pale, toka naye."

"Naijua."

"Haya."

"Nisamehe, shem," alisema shemeji, akakamata kifundo cha mguu.

Fundi alimpiga ngumi ya mdomo. Alimtukana yeye na ukoo wao wote, mkewe mwenyewe akiwemo. Wachinjaji wawili wakamkalia mabega. Shemeji akavuta, damu ikimdondoka kidevuni, akavuta jinsi alivyofundishwa, bila kusitasita, mpaka kitu kikalia. Fundi alitapika juu ya kifua chake mwenyewe. Mpira ukazungushwa juu ya goti, ukakazwa kwa uzi wa katani, ukamwagiwa maji. Kazi safi, haina pa kulaumiwa.

Hata hivyo hakuinuka. Alilala kwenye lile tope, akang'ang'ania nguzo kwa mikono miwili.

Mnyapara aliinua kopo la pilipili.

Kelele alizopiga Fundi zilisikika mpaka barabarani. Aliinuka kipofu, akiyakwaruza macho, na shemeji akampitishia mkono kwapani. Mguu uliteleza chini yake kama wa mtu mwingine. Karibu na kiti alisimama.

"Dokta! Wewe ni msomi. Waambie!"

Dokta alimtazama miguuni, maana ndiko alikozoea kutazama.

"Mbona anatembea," alisema.

Nje ya geti alianguka. Shemeji alipiga magoti, akaanza kuhangaika na fundo la katani. Lilikuwa limelowa na kuvimba, kucha hazikuingia. Akajaribu meno. Alikuwa amefundishwa kufunga tu. Hakuna ng'ombe aliyewahi kuishi mpaka kuhitaji kufunguliwa.

"We!" Mnyapara aliita kutoka ndani. "Kuna lingine limelala huku!"

"Kisu, shem," alisema Fundi. "Kaniletee kisu."

"Nakuja sasa hivi."

"Usichelewe. Usiache mguu ufe!"

Shemeji alikimbia ndani, na geti likafungwa kwa komeo. Fundi Magoti alingoja. Pilipili ilipopungua aliona vidole vya mguu wake: vilikuwa vya zambarau, na alipovibana hakusikia kitu. Alijivuta mpaka kwenye geti, akaligonga kwa ngumi.

"Kisu! Nipeni kisu!"

Ng'ombe alilia mara moja, akanyamaza. Fundi aligonga tena, akatega sikio kwenye bati. Upande wa pili walikuwa wananoa visu.