Marahaba ya Sista Rhoda

Saa moja kasoro asubuhi wanafunzi wa uuguzi walikuwa wamejipanga kando ya vitanda vya wodi ya wazazi, masweta wameyaficha ndani ya sare, kwa sababu Sumbawanga mwezi wa saba haina huruma na sheria ya chuo haitaki sweta. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Avelina, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, goti moja bovu na mvi chache chini ya kofia. Wenzake wangeweza kuwa watoto wake. Walimwita Mama na bwenini walimwachia kitanda cha chini.

Akaingia Sista Rhoda, inchaji wa wodi. Alikuwa na miaka ishirini na minane na kiatu kinachosikika kutoka mbali. Wanafunzi wakamwamkia shikamoo. Avelina akasema, "Habari za asubuhi, Sista."

Rhoda akasimama mbele yake. "Kwako wewe ni mama wa watu, sawa. Hapa ukivaa sare ni mwanafunzi. Rudia."

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba."

Mvi moja ikatoka kichwani kwa Avelina ikaenda kichwani kwa Rhoda. Wenzake waliiona ikihama, wakaendelea kutandika vitanda.

Tuseme kwanza mtu mzima vile alikuwa anatafuta nini pale. Kijijini kwao, Kalembe, kuna zahanati. Wanakijiji walifyatua matofali wenyewe, wakabeba mawe na maji kichwani, wakapaua. Kiongozi akaja akakata utepe na wakamchinjia mbuzi. Kitanda cha kujifungulia kililetwa kikiwa kwenye nailoni yake, kikaingizwa ndani, mlango ukapigwa kufuli. Muuguzi hakuletwa. Silvana, mtoto wa kwanza wa Avelina, alishikwa na uchungu watu wakiwa wanavuna ulezi. Alilazwa kwenye kibaraza cha zahanati hiyo hiyo, damu ikamtoka mpaka ikaisha, yeye na kichanga chake. Mama yake alimshika mkono tu, kwa kuwa hakujua kingine cha kushika.

Matanga yalipoanuliwa, Avelina alikitoa sandukuni cheti chake cha kidato cha nne, ambacho kilikuwa hakijawahi kumfanyia kazi yoyote, akamwambia mumewe kwamba anakwenda kusomea uuguzi na ukunga, arudi afungue lile kufuli. Yusto aliegemea jembe. "Nenda," akasema. "Mimi kulia pale kibarazani mara ya pili siwezi."

Basi alisoma. Mchana wodini, jioni darasani, na kila asubuhi ile shikamoo. Goti lilipona kwanza, na Rhoda akaanza kupanda ngazi kwa kushika ukuta. Halafu Avelina akaweza kusoma maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa, na Rhoda akaagiza miwani. Mwalimu Benjamini, aliyefundisha anatomia, hakupatwa na lolote. Yeye alilelewa na bibi yake huko Mtowisa, na kila alipomwona Avelina alimuwahi: "Shikamoo, mama." Avelina aliitika marahaba kwa haki yake, na miaka ya kila mmoja ikabaki kwa mwenyewe.

Mwaka wa pili Avelina alijaribu kuliacha lile neno. Alimsalimia Rhoda, "Za kuamka, Sista," akatabasamu vizuri tu. Akaandikiwa utovu wa nidhamu, akaambiwa ataurudia mzunguko mzima wa wodi ya wazazi. Akaamkia. Angefanyaje? Alitaka kufungua kufuli.

Asubuhi moja bafuni alikuta michirizi ya tumboni haipo. Michirizi ile ilianza kwa Silvana, na wadogo zake watatu waliikuta. Alijipapasa akajipapasa, tumbo laini kama la mtu ambaye hajawahi kubeba kitu. Akakaa chini kwenye saruji akalia kwa sauti, jamani, akalia mpaka wenzake wakagonga mlango. Uchungu wenyewe kichwani ulikuwepo wote. Ni mwili tu uliokuwa umemsahau mwanawe. Kisha akanawa uso akaenda zamu, na Rhoda, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya mgongo, akaitika marahaba.

Mwaka wa tatu ulipokwisha, Avelina alikuwa anajua kusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni, kuzuia damu isiyokoma na kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Alifaulu vizuri. Sista Rhoda alihudhuria mahafali akiwa na fimbo. Alikuwa ameomba kustaafu, lakini karatasi zake zilisema ana miaka thelathini na mmoja, akaambiwa arudi kazini, bado karibu miaka thelathini.

Kwenye usaili wa ajira Avelina alikaa mbele ya watu watatu, uso wake ni wa binti wa miaka kumi na tisa. Mwenyekiti alitazama cheti cha kuzaliwa. "Hapa arobaini na sita."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mwisho wa kuajiriwa ni arobaini na tano." Alivua miwani, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Ungewahi kidogo, binti yangu."

Akarudi Kalembe. Yusto alimpokea begi, akamtazama, akasema ugali upo. Usiku wa kwanza alihamishia mkeka wake kwenye chumba cha mahindi. Alisema hamchukii, ila hawezi kulala na mtu mwenye umri wa marehemu mwanawe. Jumapili baada ya Misa padri alimvuta pembeni Yusto amuulize huyo msichana ni nani, na Yusto alipojibu ni Avelina, padri alisema, "Aa, haya," akaenda kunywa chai.

Ufunguo wa zahanati alikuwa nao Raymond, mtendaji wa kijiji. Avelina alikwenda kwake zaidi ya mara moja. "Mama, si roho mbaya," Raymond alimwambia. "Ufunguo ni wa mwajiriwa. Nikikupa wewe, kesho kibarua changu kimeota nyasi."

Msimu wa kuvuna ulezi ulipofika tena, Bundala alimleta mkewe Hellena kibarazani kwa baiskeli, akamwacha na mama yake mzazi aliyewafuata kwa miguu, akaenda kutafuta bodaboda. Walikuwa Wasukuma, walihamia na ng'ombe wao wakati Avelina yuko chuoni, na hawakujua kwamba mlango ule haufunguliwi. Raymond hakuwepo, alikuwa Kasesya kwenye kikao, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Avelina akaja mbio na gauni lake jeupe. Aliweka sikio tumboni kwa Hellena, akajua papo hapo: mtoto amekaa vibaya.

"Mlazeni ubavu," akasema. "Nileteeni maji ya moto. Nitamgeuza."

Mama yake Bundala akamshika mkono. "We binti, umeshazaa?"

"Nimezaa wanne."

Mama yule alimtazama tumbo, akamtazama kifua, akamtazama usoni. "Wapi?"

Majirani waliomzika Silvana walikuwepo. Walijua. Mmoja alifungua mdomo aseme, akamtazama Avelina, akaona ataonekana mwongo, akanyamaza.

"Kwetu asiyezaa hamshiki mzazi," alisema mama yake Bundala, na hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayeogopa. "Nitamwambia nini mwanangu?"

"Mama, nakuomba. Njiani atakufa." Avelina alipiga magoti. "Mama, naijua hii. Nimeisomea hii."

Wakampakia Hellena kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mkwewe, wakaelekea Sumbawanga. Avelina alikimbia nyuma yao mpaka mtoni, miguu yake mipya haikuchoka. Kabla jua halijazama bodaboda ilirudi polepole, na Hellena alikuwa amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva, kichwa chini.

Kwa Bundala watu walijaa. Wanawake walikaa mlangoni wakigawana kazi: waliozaa waingie kuosha maiti, mabinti wakachote maji. Mtu akampa Avelina ndoo, naye akaipokea. Wengi wa wale mlangoni walizaliwa yeye akiwa tayari anachunga mbuzi, lakini mazoea ya chuo yalikuwa yameshamwingia, na macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba," wakaitika wote kwa pamoja.

Alipita kando ya zahanati, gauni jeupe lililomtosha asubuhi sasa likiburuta vumbi. Kufuli lilikuwa pale pale, na dirishani kitanda kilionekana ndani ya nailoni yake. Kisimani ilibidi asaidiwe kujitwika ndoo.