Debe Lilipita, Gunia Likagoma

Asifiwe alifika kijijini Pito asubuhi na mzani wake, moyo ukimdunda kwa furaha. Mwaka mzima alikuwa akiuunda chumbani kwake Izia, yeye na chipu ndogo na nyaya zake. Leo wakulima wa mahindi wangeamua: ama wapime kwa mzani huu, ama waendelee kuuza kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, lenye kichwa kilichoshonewa kamba, kama wanunuzi walivyowazoesha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Gaudensi, mwenyekiti wa kikundi. "Haya, tuoneshe."

Wanaume wanne wakapandisha gunia la mwenyekiti kwenye mzani. Kioo cha mzani kikaandika: kilo −13.

Watu walicheka wakashika mbavu. Gaudensi hakucheka. "Mwanangu, kwa hiyo gunia langu ni jepesi kuliko gunia tupu?"

Aibu ikampanda Asifiwe mpaka masikioni. Nyumbani mzani haukukosea hata mara moja. Lakini nyumbani alipima nini? Debe la ulezi, maana nyumbani nafaka hupimwa kwa debe. Namba kubwa alizijaribu kwenye kompyuta tu, na huko zilipita bila taabu.

Hapo akili ikamfunguka, nusura aruke. Programu ilikuwa ileile, na neno la kutaja aina ya namba lilelile, ila kila mashine hulipatia neno hilo nafasi kadiri ya ukubwa wake yenyewe. Kompyuta ilikuwa imelipatia biti thelathini na mbili, yaani vijinafasi vya kuandikia namba. Chipu, kumi na sita tu. Kioo huonesha kilo, lakini ndani mzani huhesabu gramu, na biti kumi na sita huishia gramu 32,767. Ukizidi hapo, namba hugeuka hasi. Debe lilienea humo. Gunia lisingeenea kamwe.

"Nipeni dakika tano, wazee wangu."

Akafungua kompyuta, akabadili neno moja, gramu zikapewa biti thelathini na mbili, akairudisha programu kwenye chipu. Alikuwa na hakika kama ya jina lake.

"Pandisheni tena."

118.

Josefina, katibu wa kikundi, akaisoma kwa sauti, kisha akairudia. Kicheko kikakatika. Gunia kama lile ndilo ambalo miaka yote waliliuza kwa bei ya kilo mia.

Gaudensi alikitazama kile kichwa cha gunia. Kisha akatoa kisu mfukoni, akaikata kamba.

"Lete debe, Josefina," alisema. "Tunapunguza mpaka mzani usome mia."