Majike wa Tangi la Tatu

Fundi Saa alipopofuka, kazi iliyombakia duniani ilikuwa moja: kuokota mayai ya samaki. Wako watakaosema hiyo si kazi, na ni wale wale ambao saa zao alizitengeneza miaka thelathini, kisha wakashindwa hata kupita mlangoni kumjulia hali. Kila asubuhi baada ya chai mkewe alimletea bakuli lenye fungu la nyuzi lililotoka kwenye maji, bado linachuruzika. Fundi Saa alikunja mikono ya shati, akaupitisha uzi mmoja mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Yai la samaki wa upinde wa mvua ni dogo kama chembe ya mchanga, lakini ni gumu, na lina utando wa kujishikizia. Asiyejua hulipita. Yeye alilibana, akalichomoa, akalitia kwenye kisahani cha maji, na alipomaliza alitangaza hesabu.

"Ishirini na tatu. Leo wamejitahidi."

Fungu lenyewe lilikuwa kazi ya mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mshonaji kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Alilikata kwenye mabaki ya nyuzi za sweta, akalichemsha mara tatu mpaka rangi ikaisha, akalifunga kwenye kizibo ili lielee. Samaki walilidhania majani ya mtoni, wakataga humo. Yeye mwenyewe hakuwa na mapenzi makubwa na hao samaki. Aliolewa na fundi wa saa, na matangi ya kioo pale sebuleni aliyakuta kama mtu anavyowakuta mawifi: wapo, wanakula, na mtazoeana.

Matangi yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa la samaki tausi, wadogo kama kidole, ambao dume ndiye mlezi. Jike akishataga ndani ya kipande cha bomba huenda zake, na dume hubaki humo akiyapepea mayai kwa mapezi mpaka yaanguliwe. "Huyo ndiye mume," Mshonaji alizoea kusema. Fundi Saa alizoea kujibu kwamba hata yeye angepepea, kama angepewa bomba la kulala peke yake.

Tangi la pili lilikuwa la samaki wa upinde wekundu, wa kawaida, wanaopatikana dukani. La tatu, la samaki wa upinde wa aina nyingine, ndilo lililokuwa roho yake. Madume wa humo walikuwa bluu upande wa mbele na rangi ya chungwa upande wa nyuma, na mbegu yao aliipata kwa muuza samaki mmoja, sasa marehemu, aliyeipokea kutoka kwa mtu aliyewavua kwenye maji waliyozaliwa. Wale wa madukani walikwisha kuchanganywa na wengine mpaka wakapauka. Wa Fundi Saa walikuwa safi, na kwa miaka ishirini na miwili aliwazalisha wenyewe kwa wenyewe bila kuingiza damu ya nje. "Chotara hatoki kwenye mlango huu," alisema. Rafiki yake mmoja alipouza machotara akiwaita safi, Fundi Saa alimkata urafiki, na hakuhudhuria hata harusi ya bintiye.

Sasa mkosi uliingia hivi. Fundi Saa alikuwa amelazwa, anapasuliwa jicho la pili, naye Mshonaji yuko nyumbani peke yake. Asubuhi akakanyaga zulia likamwitikia maji. Gundi ya pembeni mwa tangi la tatu ilikuwa imeachia, na maji yamebaki nusu. Afanyeje? Alichukua wavu, akawahamishia wote kwenye tangi la pili kwa wale wekundu, akamwita fundi wa vioo. Fundi wa vioo akasema kesho. Nanyi mnazijua kesho za mafundi; alikuja siku ya tisa.

Kuwatenganisha madume kulikuwa mchezo, maana rangi zinasema. Majike ndio waliomtoa jasho. Walikuwa ishirini, kumi na mmoja wa huku na tisa wa kule, wote rangi ya fedha iliyochakaa, wote na macho yale yale. Fundi Saa angewachambua kwa kimo cha mgongo na mstari wa ubavuni. Lakini hakuwahi kumfundisha mkewe, kwa sababu mtu hafundishi jambo analoamini atalifanya mwenyewe mpaka mwisho.

Mshonaji aliweka kigoda mbele ya tangi. Siku mbili nzima, cherehani imefunikwa, alitazama nani anamfuata nani. Aliamini kila jike atamjua mumewe. Waliowafuata madume wa bluu aliwarudisha tangi la tatu, waliowafuata wekundu akawaacha palipo. Mwanamke aliyekaa na mume mmoja miaka thelathini na minane huamini mambo ya namna hiyo. Kumbe jike la samaki humfuata dume anayeng'aa asubuhi ile, basi, na kesho yake humfuata mwingine.

Alikusudia kumwambia. Alikuwa na shaka moyoni na alitaka kuitua. Lakini mumewe alirudi na bendeji, na zilipofunguliwa daktari alisema aliyoyasema, kwamba presha ya macho imeshinda na hakuna tena la kupasua. Nani angesimama siku hiyo akaongeza, "Na samaki wako huenda nimewachanganya"? Alingoja kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine, na kila asubuhi vidole vya mumewe viliokota mayai, na uso ukachangamka kidogo kwa hesabu. Mayai yakaanguliwa. Vifaranga wakakua.

Walipotimiza miezi sita, Fundi Saa alianza kuuliza.

"Wameanza kuvaa rangi?"

Mshonaji aliinama mbele ya kioo. Aliona samaki wa kahawia, wengine na wekundu wa tofali bichi, na huku na huku doa la bluu kama wino uliomwagikiwa maji. Hakuhitaji kufundishwa na mtu.

"Wameanza," alisema.

"Bluu gani?"

Kwa rangi, hapo alikuwa nyumbani. Hakuna kitambaa asichokijua. "Bluu ya sare za manesi," alisema, "ile mpya, haijafuliwa. Halafu hapo katikati inakatika ghafla, linaanza chungwa. Chungwa lililoiva."

Uso wa Fundi Saa ulifunguka. Tangu hospitali Mshonaji hakuwa ameuona uso huo, na kwa ajili yake alirudia uongo kesho yake, na keshokutwa akautia nakshi. Alijichukia kwa kila neno.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu ya kutosha kuharibu yaliyosalia. Siku moja Fundi Saa, roho imemtulia, alisema wale wazee wamefanya kazi yao, wawapishe vijana. "Wapeleke kwenye tangi la zahanati. Wagonjwa wapate cha kutazama."

Kukataa kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja tu. Aliwabeba wote kwenye ndoo, majike waliochanganyika na madume wanne wa mwisho wa ukoo ule. Baada ya wiki mbili alikosa usingizi, akarudi zahanati kuwaomba tena. Mhudumu wa mapokezi alisema samaki wakubwa waliokuwamo tangini wamewamaliza siku nyingi. "Walikuwa wazuri lakini," akamwambia.

Hapo ndipo Mfamasia alipopiga simu. Alikuwa kijana wa mji mwingine, mwenye duka lake la dawa, aliyejifunza kufuga kwa Fundi Saa, na Fundi Saa alimwahidi vifaranga ishirini wakishakomaa, ili mbegu isikae nyumba moja. "Mimi nikienda, ukoo ubaki," alimwambia mkewe, na akamwomba ampigie pasi shati jeupe.

Mfamasia alifika Jumamosi mchana na sanduku la sponji na mifuko ya nailoni. Akaamkia, akaitikiwa, akapewa kiti, lakini mwenyeji hakuwa na subira ya kiti. Fundi Saa alisimama karibu na tangi la tatu, kidole kwenye kioo.

"Tazama hapo katikati," alisema. "Inakatika ghafla, linaanza chungwa. Umeona wapi tena kitu hicho siku hizi?"

Mfamasia aliinama akatazama. Kisha akageuza kichwa, akamtazama Mshonaji, naye akatazama sakafu.

"Naona, mzee," alisema Mfamasia. "Mama, naomba maji ya kunywa."

Alimfuata jikoni. "Hawa ni machotara," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, mwanangu."

"Wazazi wao wapo?"

"Hawapo. Wameliwa."

Mfamasia alishika glasi asinywe. Alikuwa kijana mwema, na maneno yake yalikuwa ya huruma. "Basi nitawachukua hivyo hivyo. Huko mbele nitajua la kufanya nao. Akipiga simu nitamwambia wanaendelea vizuri, wanataga. Mzee amebakiwa na nini kingine, mama?"

Mshonaji alitamani kukubali. Nisimsingizie wema: alitamani sana. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini kutoka sebuleni ilisikika sauti ya mumewe, anawapigia kelele wakiwa jikoni, anampa Mfamasia maagizo: asije akawaweka na aina nyingine hata kwa siku moja, maana majike wanafanana, na mtu asiye na jicho hawezi kuwajua. Alisema hivyo akicheka kidogo, kwa kuwa ni yeye asiye na jicho. Mshonaji akaona kuanzia leo watakuwa wawili wa kumdanganya, na mwisho mji mzima, na yule mtu mle ndani atakuwa kichekesho bila kujua. Mficha uchi hazai. Akapiga moyo konde akarudi sebuleni.

"Mume wangu," alisema, "hao samaki si wa ukoo wako."

Alisema yote akiwa wima. Gundi, siku tisa, kigoda, sare za manesi, ndoo, zahanati. Fundi Saa hakuondoa kidole kwenye kioo.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolazwa."

"Na ile bluu?"

"Haipo. Niliitunga."

Pampu ya hewa iliendelea kutoa mapovu. "Ungeniambia siku ile," alisema Fundi Saa, "madume wangali wapo. Huyu angekuja akatuchambulia majike kwa nusu saa."

"Najua."

Hakufoka. Afadhali angefoka, angetupa hata kikombe, mtu akapata pa kushika. Aligeuza uso, akaupeleka upande ambao si wenyewe, akiamini mgeni yuko huko.

"Mfamasia. Hebu niambie wewe. Wana rangi gani?"

Mfamasia alisita. "Kahawia, mzee. Baadhi wana wekundu kama wa tofali. Bluu ni ya madoa tu."

"Ni wabaya?"

"Si wabaya. Ila si wale."

Fundi Saa alitikisa kichwa taratibu. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Na mke wangu anafanya nini?"

"Analia, mzee."

"Analia kweli?"

"Kweli."

"Haya."

Mfamasia aliondoka na sanduku lake tupu, akiaga mara mbili kwa aibu isiyokuwa yake. Mshonaji alikunja mifuko ya nailoni aliyoisahau mgeni. Ilipofika saa ya chai aliandaa kama siku zote, akaleta, akatua kikombe mezani.

"Chai iko mkono wako wa kulia," alisema.

Tangu alipopofuka, Fundi Saa akiambiwa hivyo hunyoosha mkono moja kwa moja. Safari hii mkono ulibaki pajani. Kisha akauinua, akaanza kuipapasa meza kutoka kushoto kabisa, ukingo kwa ukingo, akapita sahani, akapita kisahani cha mayai ya asubuhi, mpaka vidole vyake vikakigusa kikombe vyenyewe. Kilikuwa kulia, pale pale alipoambiwa.